Sauti husafiri, mwimbaji hubaki: Funzo la Kapkatet kuhusu kuiona bendi uipendayo

WAHENGA walisema kusikia si kuona. Ukweli wa methali hiyo hudhihirika kila shabiki wa muziki anapotoa nauli na kiingilio, akasimama saa kadhaa katika baridi ya usiku, ili kuitazama bendi ambayo nyimbo zake zote anazo tayari katika simu yake ya mkononi.

Wasio mashabiki huuliza: kulikoni? Mbona mtu alipie kitu alicho nacho mfukoni?

Majibu ni mengi, lakini mojawapo lililo na kina limehifadhiwa Kapkatet, katika nchi ya majanichai ya Kericho, na limedumu kwa zaidi ya miaka 70.

Mnamo 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyejitolea maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alifika nchini Kenya na mitambo yake ya kunasia sauti. Alizuru wilaya ya Kericho, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni kaunti ya Bomet. Huko aliwarekodi waimbaji wa jamii ya Wakipsigis, wakiwemo wasichana wa Kapkatet walioongozwa na Chemutoi Ketienya.

Wasichana hao waliimba kwa kuandamana na chepkong'o, kinubi cha jadi cha Wakipsigis ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Waluo. Wimbo wao ulihusu kiumbe mmoja aliyeitwa Chemirocha.

Chemirocha hakuwa zimwi wala shujaa wa ngano za kale. Alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi katika reli kabla ya kuwa mwimbaji na mpiga gitaa, na ambaye hadi leo hutajwa kama baba wa muziki wa kantri. Santuri zake zilifika katika vilima hivi pamoja na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, na ulimi wa Kikipsigis ukalifinyanga jina lake upya.

Rodgers alizaliwa 1897, akaanza kurekodi 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mjini New York mnamo Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35 pekee. Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakiimba jina lake mbele ya kipaza sauti cha Tracey, yeye alikuwa kaburini kwa miaka 17.

Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana hao walimsawiri Chemirocha kama kiumbe ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni paa. Walimwita aje acheze nao kwa nguvu hata nguo zimvuke.

Yafaa tukumbuke kwamba hayo ni maelezo ya mgeni aliyepita na mitambo, wala si neno la mwisho kuhusu nia ya walioimba. Huenda mzaha ulikuwa mwingi kuliko alivyotambua yeye. Hata hivyo, jambo moja li wazi: mashabiki hawa walikuwa na sauti, lakini hawakuwa na mwimbaji.

Walimsikia mtu akiimba kutoka ndani ya sanduku, katika lugha wasiyoielewa, huku vidole vyake vikicharaza nyuzi ambazo mlio wake haukuwa mgeni sana kwa masikio yaliyolelewa na chepkong'o. Alikuwa na uso gani? Alisimama au aliketi? Miguu yake ilifanya nini alipokuwa akiimba? Santuri haikusema. Pengo hilo wakalijaza wenyewe, wakamtengenezea mwili.

Isitoshe, wimbo wenyewe ni mwaliko. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wakiomba kile ambacho kila shabiki huomba: mwenye sauti hii na aje hapa, tumwone, tucheze naye.

Kwa msingi huo tunaweza kueleza kile hasa ambacho onyesho la moja kwa moja humpa shabiki na ambacho rekodi, hata iwe safi namna gani, haiwezi kumpa.

Kwanza ni muda. Santuri ndogo zilizotamba nchini katika miaka ya 1960 na 1970 zilibeba dakika chache tu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga ziligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mashairi yalimalizika upande mmoja, na gitaa lilipoanza kupanda kileleni, sindano ilifika mwisho. Msikilizaji akalazimika kuinuka na kuigeuza santuri.

Ukumbini hakuna upande wa pili. Mpiga gitaa la solo huwatazama wachezaji, akiona wamekolea hurefusha kipande kile kile, na wimbo wa dakika sita ukawa wa dakika 20. Anayeamua urefu wa wimbo si fundi wa studio tena, bali ni miguu ya waliohudhuria.

Pili ni mwili. Besi inayotoka katika simu husikika masikioni tu. Besi inayotoka katika spika kubwa hutetemesha kifua na mbao za sakafu. Aliye ukumbini huipokea kwa mwili mzima, pamoja na wenzake wote kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu watu wasiojuana hujikuta wakiyumba upande mmoja kama majanichai yanayopigwa na upepo.

Tatu ni kutambuana. Mwimbaji mzoefu huwataja waliohudhuria, huwasalimu wa Litein na wa Sotik, humpa pole aliyefiwa na kumtania aliyechelewa. Shabiki naye humtuza kwa noti. Rekodi huwaimbia watu wote kwa namna moja. Bendi iliyo mbele yako inakuimbia wewe uliyekuja leo.

Haya si mageni katika nchi ya majanichai. Mji wa Kericho ulikuwa na kampuni yake ya santuri, Chandarana, iliyojipatia sifa katika miaka ya 1970 kwa kurekodi bendi za Wakalenjin na vilevile bendi za benga kutoka maeneo ya Ziwa Victoria. Wakati kampuni kubwa za kimataifa zilipokuwa na makao jijini Nairobi, mfanyabiashara wa mji wa mashambani aliweza kuirekodi bendi ya jirani na kuuza santuri zake.

Huko Ulaya na Marekani, vijana wanaopenda muziki wa roki huziita bendi za namna hiyo bendi huru, yaani zile zinazotoa nyimbo zao nje ya himaya ya kampuni kubwa. Wao hujivunia kuziona katika kumbi ndogo kabla dunia haijazijua. Mashabiki wa Kericho na Bomet walikuwa na bendi za aina hiyo kabla ya jina lenyewe kuvuma.

Kati ya walioipa nchi hii sauti yake ni marehemu Kipchamba arap Tapotuk, kiongozi wa bendi ya Koilong'et, aliyeaga dunia 2007. Nyimbo zake bado husikika katika vituo vya redio vya lugha ya Kalenjin. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka huo anaweza kuzikariri zote, lakini kuhusu namna mzee huyo alivyosimama jukwaani, hana budi kuwauliza waliomwona. Kwake, Kipchamba amekuwa Chemirocha.

Benga hiyo hiyo, ambayo Chandarana ilisaidia kuieneza, ilitoa funzo jingine mwanzoni mwa karne hii. Ian Eagleson, mpiga gitaa kutoka Marekani aliyekuja Kenya kuutafiti muziki huo, alishirikiana na mwenzake wa roki, Alex Minoff, pamoja na wanamuziki wa Kenya Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari. Mwaka 2004 walirekodi pamoja jijini Nairobi, na bendi yao ikaitwa Extra Golden. Jagwasi alifariki 2005, kabla albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, haijatolewa 2006 na kampuni huru ya Thrill Jockey ya Chicago.

Sauti ya bendi hiyo ilivuka bahari bila kizuizi chochote. Miili ya wanamuziki ilikuwa na shughuli nyingine. Walipoalikwa kutumbuiza katika tamasha la Chicago mwaka huo wa 2006, Wakenya walihitaji viza, na ofisi ya Seneta Barack Obama ilisaidia zipatikane. Katika albamu iliyofuata, iliyotoka 2007, waliweka wimbo wa kumshukuru.

Kisa hicho kinaonyesha gharama ya kuona. Santuri haiulizwi pasipoti mpakani. Mwimbaji huulizwa, hugharamiwa nauli, hulala mahali, hula, huugua na hatimaye hufa. Kila onyesho ambalo limewahi kufanyika limefanyika kwa sababu mtu fulani alilipia kuupeleka mwili ulioibeba sauti.

Na gharama hiyo ndiyo inayozitishia bendi zetu leo. Katika miaka ya 1980, kanda za wizi ziliua soko la santuri. Siku hizi wimbo hupatikana bure au kwa senti chache katika simu. Kilichobaki cha kumlisha mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga ngoma ni kiingilio cha mlangoni na tuzo za mashabiki.

Lakini mwandalizi wa hafla naye hupiga hesabu. Kuwalipa watu watano au sita, kuwasafirisha pamoja na vyombo vyao na kukodi mitambo ni ghali kuliko kumwita mwimbaji mmoja mwenye kipaza sauti, huku muziki uliorekodiwa ukichezwa nyuma yake. Hafla nyingi zimeelekea huko. Shabiki hulipa, huuona mwili, kumbe anasikiliza rekodi ile ile aliyoiacha nyumbani.

Mifuko ya mashabiki wenyewe pia haijatuna. Wakulima wadogo wa chai hutegemea bonasi ambayo kwa desturi hulipwa mwezi Oktoba, na wale wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika kwamba yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Katika mashamba makubwa, mashine za kuchuma majani zimechukua nafasi ya mikono mingi, suala lililozua ghasia Kericho mnamo Mei 2023 ambapo baadhi ya mashine hizo ziliteketezwa. Mshahara ukipotea, kiingilio cha ukumbini ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa.

Je, rekodi hazina faida basi? La hasha. Bila Tracey, tusingejua kwamba wasichana wa Kapkatet waliimba. Kazi zake zilihifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Lakini wenyeji wa Kapkatet waliishi miongo mingi bila nakala ya sauti zao wenyewe.

Mnamo 2014, maktaba hiyo, ikiongozwa wakati huo na Diane Thram, ilishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, lililoanzishwa na Tabu Osusa, kuzirejesha rekodi hizo nchini. Baadhi ya waliokuwapo 1950 walipatikana wakiwa wakongwe, wakazisikia tena sauti za ujana wao. Ilikuwa imepita miaka 64.

Hapo ndipo ilipo tofauti iliyo muhimu kuliko zote. Rekodi inaweza kuchukuliwa mbali na aliyeimba, ikauzwa, ikasifiwa na kuhifadhiwa bila yeye kujua. Onyesho la moja kwa moja haliwezi. Haliwezekani bila mwimbaji kuwapo, na akiwapo, anamwona anayemsikiliza na anapokea haki yake usiku huo huo.

Kwa hivyo shabiki anayetaka kuiona bendi aipendayo na aulize maswali machache kabla ya kutoa pesa. Je, wapigaji vyombo watakuwapo, au ni mwimbaji peke yake? Onyesho litaanza saa ngapi hasa? Akifika, asimame mahali anapoweza kuviona vidole vya mpiga gitaa, na simu aiweke mfukoni angaa kwa nyimbo mbili tatu. Anayetazama jukwaa kupitia kioo cha simu amejitengenezea rekodi nyingine, na rekodi anazo tele.

Asitarajie ukamilifu. Gitaa huenda likapoteza mwafaka, umeme ukakatika, mvua ya jioni ya Kericho ikaligeuza uwanja kuwa tope. Hayo yote ni sehemu ya kile alicholipia, kwa kuwa ni ushahidi kwamba jambo linatendeka mbele yake na halitarudiwa vivyo hivyo kesho.

Wasichana wa Kapkatet walimwita Chemirocha aje wacheze naye, naye hangeweza kuja. Waimbaji wetu wengi wangali hai, na wako Litein, Bomet na Kericho, umbali wa nauli ya matatu. Tusingoje hadi nasi tuwe tunawasimulia wajukuu kuhusu watu ambao hatukuwahi kuwaona.