Tochi, Boksi na Mlipuko wa Sekunde Mbili

Sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tunakijua kilio hiki: shule haina maabara, fizikia utaifundishaje? Mimi nabisha kidogo. Ipo mbinu kali ya kuchunguza anga ambayo unaweza kuieleza darasani kwa tochi na kipande cha boksi tu.

Miale ya gama ni ndugu wa mwanga wa kawaida, ila ina nguvu nyingi mno. Mara kwa mara hutokea mlipuko wa miale hii huko mbali sana angani. Ile isiyofikisha sekunde mbili hivi huitwa milipuko mifupi. Hakuna ajuaye utatokea lini wala upande gani, na ukishapita ndiyo basi. Angahewa nayo huizuia miale isitufikie, kwa hiyo mwindaji wake lazima akae juu.

Mwindaji mmojawapo ni Swift, darubini ya NASA iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004. Shida ni kwamba miale ya gama haikusanywi kwa lenzi kama mwanga. Sasa Swift inafanyaje? Inatumia kivuli. Ina bamba lenye vipande vidogo vya risasi kama 52,000, vilivyopangwa ovyo kwa makusudi. Mlipuko ukitokea, risasi inazuia miale na nafasi wazi zinaipitisha, hivyo kivuli kinaangukia vigunduzi 32,768 vilivyo chini yake.

Jaribu mwenyewe. Toboa boksi ovyo ovyo, lishike mbele ya ukuta, mwenzako amulike. Akienda kulia, kivuli kinaenda kushoto. Ukikisoma kivuli, umejua tochi ilipo. Na kwa nini ovyo? Kwa sababu matundu yakipangwa sawasawa kama ya chekeche, kivuli kikisogea kidogo kinafanana na cha mwanzo, na hapo umepotea.

Kompyuta ya Swift ikimaliza hesabu hiyo, darubini inajigeuza yenyewe chap chap, mara nyingi kwa dakika moja hivi, itazame makaa yaliyobaki. Tarehe 9 Mei 2005 ilinasa mlipuko uliodumu sehemu ndogo tu ya sekunde, ikageuka, ikaona eksirei chache mno karibu na galaksi ya nyota kongwe. Ilikuwa mara ya kwanza makaa ya mlipuko mfupi kupatikana. Wanasayansi walishahisi kwamba chanzo ni nyota mbili za nyutroni zinazogongana, na mahali penye nyota kongwe palilingana na wazo hilo.

Ushahidi mzito ulikuja tarehe 17 Agosti 2017. Mitambo ya LIGO na Virgo ilisikia mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zikiungana, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye, darubini nyingine, Fermi, ikapata mlipuko mfupi. Na Swift je? Dunia yenyewe ilikuwa imeikinga, haikuona kitu! Iligeuka baadaye, ikaona mwanga wa urujuanimno wa mabaki, yale yale yanayotengeneza elementi nzito kama dhahabu. Ndiyo maana wawindaji hawa hupeana habari papo hapo: jicho moja halitoshi.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani miaka yote ya sekondari. Data za Swift huteremkia Malindi, hapo Kenya, kwenye kituo cha Shirika la Anga la Italia. Yaani habari za nyota zilizogongana zinashukia pwani yetu, na wanafunzi wetu wanadhani sayansi ya anga ni ya watu wa mbali.

Mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, boksi halina gharama. Anzeni na kivuli, Malindi ije mwishoni. Mtoto wa Kidato cha Pili anaelewa.