Karata za matangazo na majina yake

Ipo desturi ya kampuni kugawa karata zenye nembo yao mgongoni, na wapo wanaozihifadhi. Kwa nini mgongoni? Kwa sababu migongo yote sharti ifanane, la sivyo mwenzako atajua umeshika nini. Usoni hakuguswi, na huko ndiko yaliko maneno ya Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498: kopa, uru, shupaza na pao. Karata na turufu pia ni yao. Hapa Kisumu vijana husema 'kadi', na pao nimesikia likiitwa 'flawa'. Si kosa, lugha hukua. Lakini mwanasiasa akitamba ana turufu, wangapi wanajua ametoa wapi neno hilo? Msomaji, ukihifadhi nembo, hifadhi na majina.