Adresi ya telefone yako hapa Likasi si yako peke yako

Mfanyabiashara wa Kikula ananunua kamera za ulinzi. Fundi anazifunga, na picha zinaonekana vizuri kwenye skrini ya dukani. Kesho yake mwenye duka anakwenda Lubumbashi, kilomita 120 hivi, anafungua telefone ili aangalie duka lake: hakuna kitu. Fundi anarudi, anabadilisha modemu, wananunua mega zingine. Bado. Mara nyingi katika visa kama hivi kamera ni nzima na rezo ni nzima. Shida iko kwenye adresi.

Kila chombo kinachoingia kwenye intaneti kinahitaji adresi, yaani namba, ili jibu lijue pa kurudi. Adresi za aina ya zamani, ambazo bado tunazitegemea sana, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Inchi yetu peke yake ina wakaaji zaidi ya milioni 100, na wengi wana telefone mbili. Akiba kuu ya dunia ilikwisha tarehe 3 Februari 2011.

Basi Likasi inaingiaje kwenye intaneti? Fungua parametre za telefone yako, tafuta adresi ya IP. Ukiwa kwenye wifi ya nyumbani, mara nyingi utaona namba inayoanza na 192.168. Ukiwa kwenye rezo ya kampuni ya telefone, inaweza kuanza na 10, au kuwa kati ya 100.64 na 100.127. Jirani yako wa Panda anaweza kuwa na namba ileile. Mtu wa Nairobi au wa Brussels pia.

Hakuna aliyekosea. IANA, ofisi inayosimamia namba za intaneti duniani chini ya shirika la ICANN la Marekani, inatunza daftari la mafungu ya adresi yaliyotengwa kwa kazi maalum. Kila fungu lina mstari wake: jina, waraka uliolianzisha, tarehe, na maswali machache ya ndiyo au hapana. Adresi hii inaweza kutuma ujumbe? Inaweza kupokea? Mashine za njiani zinaruhusiwa kuupitisha? Inafikika kutoka popote duniani? Kwa 192.168 majibu matatu ya kwanza ni ndiyo, la mwisho ni hapana. Hapana hiyo ndiyo inayomnyima mfanyabiashara wetu picha zake.

Sisi watu wa Katanga tunaweza kuelewa jambo hili kwa mfano wa madini. Kadasta ya madini inaandika nani ana haki juu ya udongo gani, na kanuni ya madini ya 2002 inaruhusu kutenga maeneo kwa ajili ya wachimbaji wa mikono. Adresi hizi nazo ni eneo lililotengwa: hazigawiwi kwa kampuni yoyote, kila mtu anazitumia bila kuomba ruhusa. Tofauti ni kwamba huku hakuna anayekuja kukufukuza.

Mafungu matatu ya kutumia ndani ya nyumba na ofisi, yale ya 10, ya 172.16 hadi 172.31 na ya 192.168, yalithibitishwa Februari 1996. Fungu la 100.64 lilikuja Aprili 2012, lenye adresi 4,194,304, kwa kampuni zinazogawanya adresi moja kwa wateja wengi. Lilitengwa peke yake ili namba za kampuni zisigongane na zile za modemu ya nyumbani kwako. Mgongano huo unatokea hata maofisini: ofisi ya Likasi na ile ya Lubumbashi, zote mbili kwenye 192.168.1, zikiunganishwa hazionani. Kuchagua namba tofauti tangu siku ya kwanza hakugharimu hata franka moja.

Kuna waliojitwalia namba ambazo hazikutengwa kwa kazi yao. Kwa miaka mingi mafundi wengi duniani waliweka 1.1.1.1 katika mashine zao, wakidhani haina mwenyewe. Aprili 2018 kampuni ya Cloudflare ilipoanza kuitumia kwa huduma yake, ilikuta wateja wengine hawawezi kuifikia, kwa sababu mashine za njiani zilikuwa zimejipa namba hiyo.

Kugawanya adresi kuna mzigo wake. Nyuma ya adresi moja ya nje wanaweza kukaa mamia ya wateja. Mmoja akituma barua za utapeli, tovuti inafunga mlango kwa wote. Na tangu Machi 2023 tuna kanuni ya dijitali inayoadhibu makosa ya intaneti. Mpelelezi mwenye adresi tu mkononi anaweza kuwa ameonyesha mtaa mzima. Anahitaji pia saa kamili, hadi sekunde, na namba ya mlango, yaani ile mashine ya kampuni iliyompa mteja yule. Lakini si kila mtu anayekamatwa ana wakili wa kuuliza hivyo.

Adresi za kweli, zinazofikika popote, Afrika inazipata kwa AFRINIC, yenye makao Mauritius. Daftari lake halikulindwa vizuri. Mwaka 2019 wizi ulifichuliwa, na uchunguzi wa AFRINIC yenyewe, uliotolewa 2021, ulikuta adresi zaidi ya milioni 4 zilichukuliwa isivyo halali. Baadaye zikaja kesi na mteja mmoja mkubwa, akaunti za benki zikafungwa kwa muda, na kuanzia 2023 shirika likawa chini ya msimamizi aliyewekwa na mahakama. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa. Baraza jipya lilichaguliwa Septemba mwaka huohuo.

Tangu Januari 2020, anayeomba adresi za zamani kwa AFRINIC anapewa zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Aina mpya, IPv6, inazo za kutosha kila kamera ya Kikula, lakini lazima kampuni inayokuuzia mega iiwashe. Mwenye duka aulize mambo mawili kabla ya kulipa fundi mara ya tatu: je, IPv6 ipo kwenye laini yangu? Na kama haipo, adresi ya nje ya peke yangu ni bei gani kwa mwezi?