Mimba Inayosubiri Mavuno: Kwa Nini Pengo la Dubu Mweusi wa Asia Halizibiki Upesi

Ukiuliza dubu mweusi wa Asia ana uzito gani, jibu la kweli ni kwamba inategemea umempima mwezi gani. Kwa kawaida dume huwa na kilo 60 hadi 200, na jike kilo 40 hadi 140. Tofauti hiyo kubwa inatokana kwa sehemu na makazi, kwani dubu wa Japani ni wadogo kuliko wenzao wa bara, lakini inatokana pia na majira. Dubu aliyetoka pangoni mwezi wa Aprili akiwa amekonda, ifikapo Novemba huwa amejaa mafuta chini ya ngozi, na dume mkubwa hukaribia uzito wa magunia mawili ya mahindi. Mnyama huyu mwenye alama nyeupe kifuani, mfano wa mwezi mwandamo, anaishi kuanzia milima mikavu ya kusini mashariki mwa Iran, kupitia Himalaya, Indochina, China na Taiwan, hadi Korea, mashariki ya mbali ya Urusi na visiwa vya Japani. Katika sehemu kubwa ya eneo hilo anatoweka, na sababu ya kutoweka kwake haieleweki vizuri mpaka mtu aelewe mafuta hayo ya Novemba. Mwili wa dubu huyu ni daftari la msitu: mavuno yakiwa mazuri huandikwa humo, yakiwa mabaya huandikwa humo pia, na hata watoto wake huzaliwa au kukosekana kwa hesabu hiyohiyo.

Chakula chake cha msingi ni mimea. Majira ya kuchipua hula machipukizi na majani mateke. Wakati wa joto hula matunda, mchwa, siafu na asali. Lakini kinachoamua maisha yake ni kokwa za miti ya jamii ya mwaloni, ambazo hukomaa kabla ya baridi kuingia. Tafiti zilizofanywa Japani zimeonyesha kwamba nishati anayoipata dubu katika miezi hiyo michache inapita ile ya misimu mingine yote ikijumlishwa. Mtazame akiwa kazini. Anakumbatia shina, anapanda kwa kucha zake fupi zilizopinda, anaketi kwenye panda ya mti, kisha anavuta tawi kuelekea kwake hadi likatike. Akimaliza kulichambua kokwa moja moja hulisukuma chini ya makalio na kuvuta jingine, hata panda ile ikawa na rundo la matawi kama kiota cha ndege mkubwa. Majani yakishapukutika, watafiti huhesabu viota hivyo na kujua ni wapi dubu walishiba. Tatizo ni kwamba miti hiyo haizai sawasawa kila mwaka. Mwenye mwembe shambani analijua jambo hili: mwaka mmoja matawi yanaelemewa na maembe, mwaka unaofuata unahesabu matunda kwa vidole. Mialoni hufanya hivyo mlima mzima kwa wakati mmoja.

Maumbile yamempa jike njia ya kukabiliana na hali hiyo. Hupandwa mwezi wa Juni au Julai, lakini kiinitete hakijishikizi kwenye mji wa mimba. Huelea humo kwa miezi kadhaa huku mama akila, na hujishikiza mwishoni mwa mwaka tu, wakati mama amekwisha kunenepa au kushindwa kunenepa. Akiwa na akiba ya kutosha, mimba huendelea na watoto huzaliwa pangoni katikati ya baridi, kwa kawaida mmoja au wawili. Akiwa amekonda, aghalabu hazai mwaka huo. Mtoto huzaliwa kipofu, akiwa na uzito wa gramu 300 hivi, sawa na embe dodo moja, kutoka kwa mama mwenye makumi ya kilo. Mama huyo hali, hanywi, hakojoi wala haendi haja kwa miezi mingi, na bado anatoa maziwa yanayotokana na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Katika nchi za joto ambako dubu wengine hawalali wakati wa baridi, jike mwenye mimba hujifungia pangoni vilevile. Wanawe hukaa naye mwaka mmoja na zaidi, kwa hiyo huzaa tena baada ya miaka miwili au mitatu.

Sasa tupige hesabu. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka minne hivi, huzaa mmoja au wawili kila baada ya miaka miwili au mitatu, na katika mwaka wa njaa hazai kabisa. Ukimuua jike mmoja mzima, msitu unahitaji miaka mingi kumpata wa kushika nafasi yake. Korea Kusini imelishuhudia jambo hili. Mwaka 2004 nchi hiyo ilianza kurudisha dubu katika mlima Jirisan, ambako walikuwa karibu wamalizike. Waliwekwa katika hifadhi ya taifa, wakafuatiliwa kwa mitambo ya redio na kutibiwa na madaktari wa mifugo. Pamoja na uangalizi wote huo, imechukua takribani miaka 20 kufikisha dubu zaidi ya 70. Kasi hiyo ndiyo ya kulinganishwa na kasi ya upotevu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka dubu huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini, na linakadiria kuwa idadi yake imepungua kwa asilimia 30 au zaidi ndani ya miaka 30. Misitu inakatwa, na palipobaki msitu kuna mitego ya waya na bunduki.

Kinachowindwa zaidi ni mfuko wa nyongo. Matabibu wa China wameitumia nyongo ya dubu kwa zaidi ya miaka 1,000, na mtu anaweza kusema kwamba dawa inayosaidia wagonjwa isikatazwe kwa ajili ya mnyama. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa sababu nyongo hiyo kweli ina asidi yenye manufaa, iitwayo asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo huyeyusha aina fulani ya vijiwe vya nyongo na kutibu baadhi ya magonjwa ya ini. Lakini asidi hiyo ilianza kutengenezwa maabara tangu miaka ya 1950, na leo viwanda huitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe wanaochinjwa kwa ajili ya nyama. Vidonge vinavyotolewa hospitalini havimhitaji dubu hata mmoja. Mgonjwa hapotezi kitu dubu akiachwa msituni.

Wengine husema basi wafugwe, ili wa porini wapumzike. Ufugaji huo ulianza Korea Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaenea China, Korea Kusini, Vietnam na Laos: dubu hufungiwa katika kizimba chembamba na kukamuliwa nyongo kwa mrija au sindano. Mbali na ukatili wake, hesabu yenyewe haikubali. Mnyama anayezaa polepole porini hazai upesi kizimbani, na sehemu kubwa ya dubu waliojaza vizimba vya Vietnam walikamatwa msituni wakiwa wadogo. Nyongo inapopatikana kwa wingi, wanunuzi huongezeka, na wako wanaoamini kuwa ya porini ina nguvu zaidi, hivyo huilipia ghali. Vietnam ilikuwa na dubu zaidi ya 4,000 vizimbani mwaka 2005. Sasa wamebaki chini ya 500. Korea Kusini imepitisha sheria inayopiga marufuku ufugaji huo kuanzia Januari 2026. Baadhi ya nchi zilizoujaribu zimeanza kuuacha.

Pingamizi zito zaidi linatoka Japani, kwa kuwa linahusu maisha ya watu. Katika mwaka wa serikali ulioanza Aprili 2023, watu zaidi ya 200 walishambuliwa na dubu, wengi wao kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, na 6 wakafa. Mwaka 2025 vifo vilizidi 10. Mwenye kufiwa ana haki ya kuuliza kwa nini mnyama huyu alindwe. Ni kweli kwamba katika sehemu za Honshu dubu si wachache, na dubu anayeingia vijijini mara kwa mara lazima aondolewe. Lakini mwaka 2023 ulikuwa mwaka ambao kokwa zilikosekana milimani, na dubu wenye njaa walishuka kwenye vijiji ambavyo vijana wamehama, mashamba yamegeuka vichaka na matunda yanaozea mitini bila wa kuyachuma. Kuua maelfu ya dubu bila kufyeka vichaka hivyo, kuchuma matunda na kuweka uzio wa umeme ni kusubiri njaa nyingine ilete wengine. Tena nchi hiyohiyo ina kisiwa cha Kyushu, ambako dubu wametangazwa kutoweka, na Shikoku, ambako wamebaki kama 20 tu. Wingi wa Honshu haumsaidii dubu wa Shikoku.

Afrika Mashariki tumewahi kulipa gharama ya hesabu hii. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400, pembe zao zikiwa zimekwenda kwenye masoko ya dawa na ya mapambo. Faru naye huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi 15, na hadi leo pengo lile halijazibika. Mnyama anayezaa upesi anaweza kustahimili makosa yetu kwa muda. Dubu mweusi wa Asia hawezi, kwa sababu mimba yake yenyewe husubiri msitu utoe mavuno. Msitu wa mialoni ukilindwa, na soko la nyongo likifungwa, atajilea mwenyewe. Kimoja kikikosekana, kingine hakitatosha.