Kukaa na Mtoto Mmoja: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kumsaidia Aliyeachwa Nyuma

Katika toleo hili tunataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona nyumbani na kulinyamazia.

Kikundi kimoja cha akina mama hapa Tuala kilikuwa na mkutano, na katibu akachelewa. Mama mmoja akamwita msichana wake wa gredi ya 5 aje asome kitabu cha maziwa: nani ameleta lita ngapi, nani anadai. Msichana akashika kitabu, akatazama chini, akanyamaza. Tukadhani ni haya tu. Kumbe hawezi kusoma. Miaka yote hiyo ameamka alfajiri, amevaa sare, amebeba mkoba, na majina ya majirani zake mwenyewe yamemshinda.

Tusiharakishe kumlaumu mama wala mwalimu. Shirika la Uwezo lilianza mwaka 2009 kupima watoto wa Kenya nyumbani kwao, na ripoti zake za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la 3, karibu 7 hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la 2. Mpango wa Tusome ulipoletwa mwaka 2015 vitabu viliongezeka na hali ikawa nafuu, lakini si kwa kila mtoto.

Sababu tunazijua. Masomo ya bure yalipoanza Januari 2003 madarasa yalijaa, na mwalimu mwenye watoto 60 hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Wakati wa ukame, kama ule wa 2022, wako vijana waliofuata mifugo mbali wakakosa majuma mengi. Na wako walioingia shule wakijua Kimaa peke yake. Sasa, mtoto akikosa msingi darasa la 2, nani atamrudishia? Huko mbele hakuna anayerudi kwa ba-be-bi-bo-bu. Basi anajifunza kujificha. Anaitikia pamoja na wenzake, ananakili ya ubaoni, tena mwandiko wake ni mzuri. Ndiyo maana mzazi hajui.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni mtu mmoja kukaa na mtoto mmoja. Lakini tulianza vibaya. Tulikusanya watoto 15 chini ya mti siku ya Jumamosi, mwanakikundi mmoja akasimama mbele, na baada ya majuma 3 tukaona tumejenga darasa lingine lile lile. Hodari walijibu, wale wengine wakajificha tena. Ndipo tukawagawa, kila mtoto na mtu wake.

Kwanza ujue mtoto amesimama wapi. Usiangalie yuko gredi gani. Mpe herufi na silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, halafu hadithi. Pale anapokwama ndipo unapoanzia, hata kama ana miaka 12 na amekwama kwa silabi. Anza na Kiswahili, maana kinaandikwa jinsi kinavyosemwa. Akishika ba, ta na ka, kesho anasoma bata, kata, taka. Kiingereza kitafuata. Maana ya neno mweleze kwa Kimaa, Kikamba au lugha yoyote ya nyumbani, si kosa. Vya kusoma havikosekani: pakiti ya unga, gazeti kuukuu, hata kile kitabu cha maziwa.

Kwa hesabu, faida ya kukaa wawili inaonekana zaidi. Mvulana mmoja aliandika kwamba 52 toa 27 ni 35. Darasani angepata alama ya kosa, basi, yameisha. Sisi tulimuuliza, "Ulifanyaje?" Akasema, "5 toa 2 ni 3. Halafu 2 haiwezi kutoa 7, kwa hivyo 7 toa 2 ni 5." Hakuwa mjinga huyo. Alikuwa na kanuni yake, na ameitumia miaka yote bila mtu kumuuliza. Tukakata vijiti, tukavifunga mafungu ya kumi kumi. Mafungu 5 na vijiti 2. Haya, toa 27. Ilibidi afungue fungu moja kwa mikono yake ndipo aone vijiti 12, atoe 7, vibaki 5. Mafungu 4 yaliyobaki, toa 2, ni 2. Jibu ni 25. Alivitazama vile vijiti kwa muda, kisha akacheka. Somo hilo lilichukua jioni 3, na hatukununua kitu.

Wengine wanasema, "Lakini sisi si walimu." Ni kweli, na kazi ya mwalimu hatuichukui. Hebu sikieni yaliyofanyika kwingine. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, huko Botswana wazazi walipigiwa simu mara moja kwa juma, kama dakika 20 hivi, na mtoto akafundishwa hesabu kupitia spika ya simu. Watoto hao walisonga mbele kuliko wale ambao hawakupigiwa. Baadaye jambo hilo likajaribiwa katika nchi 5, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa majuma 8, na simu zikasaidia tena. Ujumbe wa maandishi peke yake ulisaidia kidogo tu. Kwa maoni yetu, kilichosaidia ni kuwa na mtu anayemngoja mtoto huyo mmoja ajibu.

Basi kila mwanakikundi anayejua kusoma achukue mtoto mmoja, na asiwe wake. Wa kwako utampigia kelele, tunajijuana. Vijana waliomaliza kidato cha 4 ambao wako nyumbani wanafaa sana. Dakika 20 au 30 zinatosha, mara 3 kwa juma, kabla ya saa ya maji na mbuzi. Fimbo ikae mbali. Na mkae mahali pa wazi ambapo watu wengine wanawaona, si ndani ya nyumba mlango umefungwa, hilo hatulijadili. Mwalimu wa mtoto aambiwe, maana anaweza kuwapa kitabu. Tena msiigeuze kuwa tuisheni ya kulipisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kuwekewa tuisheni ya likizo, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Tulipokosea tena ni juu ya aibu. Yule msichana wa kitabu cha maziwa alikataa kuja mara 2, kwa sababu wenzake walimwona akisoma silabi wakamcheka. Mama aliyekuwa akimfundisha akabadilisha njia. Akamwomba aje jioni amsaidie kuhesabu mayai, na silabi zikaingia hapo hapo, kati ya trei moja na nyingine. Ilichukua karibu muhula mzima kabla hajasoma aya bila kushikwa mkono. Majina ya kitabu cha maziwa sasa anayasoma, polepole, na ng' bado inamsumbua. Kuzidisha ameanza juma lililopita. Kugawanya bado hatujafika.