Kurudia Darasa Si Mpango

"Mwalimu, si arudie tu gredi ya 3, akili imkomae?" Swali hilo nimeulizwa mara tatu wiki hii, na leo ni Jumatano. Wanaoniuliza huwa na ripoti ya mtoto mkononi na uamuzi umeshakatwa shuleni. Kwangu wanafuata muhuri tu. Mimi ni mtathmini wa EARC, vituo vya kupima mahitaji ya watoto kielimu vilivyoanza hapa Kenya mwaka 1984. Mihuri ya kurudisha watoto nyuma hatuna.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, imekataza mtoto kurudishwa darasa. Tuiache sheria kando, maana anayeiamini dawa haachi kuinywa kwa kuwa imepigwa marufuku.

Niambie wewe: mwaka wa pili katika gredi ile ile una kipi ambacho wa kwanza haukuwa nacho? Kitabu ni kile, ubao ni ule, mwalimu na mbinu zake ni vile vile. Asiyeona ubaoni hataona kwa sababu kalenda imebadilishwa ukutani. Anayechanganya b na d atazidi kuzichanganya, ila sasa mbele ya watoto wadogo kwake wanaomcheka. Baba mmoja alinijibu kuwa mvumilivu hula mbivu. Mzee wangu, nikamwambia, hata mvumbika changa hula mbovu ni methali.

Mwaka jana nililetewa msichana aliyekwisha kurudia mara mbili. Nilisimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Kimya. Nikapaza sauti, akageukia kulia. Sikio la kushoto lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni, na mama alikuwa akiliziba kwa pamba. Tena kila aliporudia aliwazidi wenzake kimo, basi akahamishiwa dawati la nyuma asiwazibe. Shule ilimwongezea mwaka, kisha ikamwongezea umbali kutoka kwa mwalimu.

Tulimpeleka hospitali kwanza. Halafu tukaketi na mama na mwalimu wake tukaandika mpango wa elimu wa mtoto binafsi, kurasa mbili tu: akae mbele, sikio la kulia limwelekee mwalimu, asipewe agizo na mtu aliyempa mgongo, asomeshwe silabi dakika 15 kila Jumanne na Alhamisi, ifikapo wiki ya 6 asome maneno 10 kati ya 12 bila kusaidiwa na picha. Kando ya kila jambo pana jina la mhusika, na chini pana tarehe ya kukutana tena. Mpango unaosema "aboreshe usomaji wake" ni dua. Na hapana, kuandikiwa mpango si kupelekwa shule maalumu. Binti huyu yumo darasani mwake.

Mengine ni haya, na niyaseme upesi. Mpime macho na masikio kabla ya lolote. Iandikie shule barua ya kuomba tathmini, ubaki na nakala. Ukija kituoni, beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na madaftari yake, hasa yale yaliyojaa wino mwekundu. Usitie sahihi mpango usiouelewa. Dai uangaliwe upya kila muhula. Kama atahitaji muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa, shule iombe mapema, wakati wa usajili. Mwalimu mkuu akikukatalia, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na ile nakala yako.

Ombi langu ni moja: msije Novemba, shule zimefungwa na aliyemfundisha mtoto mwaka mzima yuko likizo. Njooni Februari.