Zimwi Lilikuja au Alikuja? Upatanisho wa Kisarufi na Ngano za Upareni katika Tasnifu ya Uandishi wa Kubuni

Mwanafunzi anayepanda kutoka Same hadi Mbaga kutafuta ngano za kuandikia tasnifu ya uandishi wa kubuni hukabiliwa na matatizo mawili. La kwanza limezoeleka: ngano husimuliwa kwa Chasu, lugha ambayo Ernst Kotz aliiandikia sarufi kwa Kijerumani mwaka 1909, ilhali tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Chasu ni lugha ya toni. Kiswahili sanifu sicho. Wimbo wa ndani ya ngano hautafsiriki bila hasara, na kurekodi hakukwepeki.

La pili halijadiliwi sana, nalo ni la kisarufi. Je, zimwi 'lilikuja' au 'alikuja'? Methali 'Zimwi likujualo halikuli likakwisha' hushika upatanisho wa LI-YA. Sarufi za shule hudai A-WA kwa kila kiumbe chenye uhai. Tofauti hiyo si ya usahihi tu. LI- hubeba ukubwa na kitisho. A- humpa zimwi nafsi, na anapokuja kuposa (kisa kilichoenea katika ngano za Kibantu) msomaji humwona mchumba kabla ya kumwona mlaji. Kwa hiyo mwandishi aanze na A-, kisha ahamie LI- pale siri inapofichuka. Mhariri anayesawazisha viambishi hivyo kwa kalamu nyekundu hufuta kilele chenyewe cha ngano. Uamuzi huo uelezwe mapema katika sura ya uhakiki, mtahini asije akaudhania kuwa kosa.